Nanihii si ujinga

Kiswahili kina neno ambalo halijawahi kutoka katika mtihani wa Baraza wala halifundishwi darasani, na bado ni wachache wanaoimaliza siku bila kulitumia: nanihii. "Niletee ile nanihii." "Nilikutana na yule nanihii, mume wa nani." Mwalimu hulisema, mbunge hulisema, shehe na padri hulisema, na hakuna anayewaambia kwamba vichwa vyao ni vizito. Tunaelewa kwamba neno lipo, ila limekataa kuja kwa wakati wake. Tunasubiri kidogo, au tunamtajia mwenzetu jina analolitafuta, na mazungumzo yanaendelea.

Mtoto wa darasa la nne akilisema mbele ya mwalimu, mambo hubadilika. Kwake nanihii huwa ushahidi: hajasoma, hajui, ni mzito, nyumbani kwao haongeleshwi. Akinyamaza badala ya kusema nanihii, kimya chake nacho ni ushahidi. Akieleza kitu kwa matumizi yake badala ya jina lake, anaambiwa ajibu swali aliloulizwa. Mlango wa kutokea hana.

Nasoma shahada ya uzamili ya isimu, na kwa mwaka na nusu sasa nimekuwa nikifuatilia watoto wa umri wa shule wanaojua neno lakini wanashindwa kulitoa. Ninachodai hapa ni kimoja. Namna tunavyowapima watoto hawa inatupa jalalani lile hasa tunalopaswa kulitafuta, na kutafsiri vipimo vya Marekani au Uingereza hakuliponyi tatizo hilo. Kiswahili chenyewe kina njia ya kutuonyesha mtoto amefika wapi katika kulitafuta neno. Tunachokosa ni masikio.

Tuanze na tofauti ambayo shule zetu hazina muda nayo: kujua neno ni jambo moja, kulipata ni jingine. Mwaka 1966 Roger Brown na David McNeill, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, waliwasomea wanafunzi maana za maneno adimu ya Kiingereza, kama vile chombo cha baharia cha kupimia pembe ya jua na nyota, kisha wakawaomba wataje jina. Baadhi walikwama. Walihisi neno liko hapa hapa mdomoni, likaribie kutoka, lisitoke. Walipoulizwa kuhusu neno hilo ambalo hawakuweza kulisema, mara nyingi walitaja sawasawa herufi yake ya kwanza na idadi ya silabi zake. Mtu hawezi kujua idadi ya silabi za neno asilokuwa nalo. Kisima kilikuwa na maji. Kilichopungua ni kamba.

Kwa mtu mzima kukwama kwa namna hii huja mara moja moja, hasa kwa majina ya watu na maneno adimu. Kwa baadhi ya watoto ndiyo hali ya kila siku, tena kwa maneno ya kawaida kabisa: ndoo, kiwiko, chujio, jirani. Mwaka 1998 Julie Dockrell na wenzake waliripoti kwamba karibu robo ya watoto waliokuwa wakipata huduma za lugha Uingereza walikuwa na shida hii. Mwaka 2016 Courtenay Norbury na wenzake, waliochunguza watoto wanaoanza shule katika eneo la Surrey, walikuta kwamba zaidi ya asilimia 7 walikuwa na tatizo la lugha lisilotokana na ugonjwa mwingine unaofahamika. Hao ni kama watoto wawili katika darasa la watoto 30. Hesabu hizo ni za Uingereza, na siwezi kuzihamishia Kilosa au Tandahimba kana kwamba watoto ni magunia ya mahindi. Lakini sioni sababu ya kuamini kwamba ni ulimi wa mtoto wa Kiingereza peke yake unaokwama. Na madarasa yetu tunayajua: hayana watoto 30.

Diane German, mtaalamu wa Marekani aliyechapisha kipimo chake cha kutafuta maneno mwaka 1986, anatofautisha makosa ya namna tatu. Kuna ulimi kuteleza: mtoto anataka kusema kijiko, anasema kisu. Kuna ulimi kukwama: "nalijua, nalijua, ni ile... nimesahau." Na kuna ulimi kupinda: kiberiti kinatoka kirebiti. Kila namna inaashiria kwamba safari ya neno imekatika mahali tofauti, na kwa hiyo msaada wake ni tofauti. Mwalimu anayeandika alama ya kosa kwa zote tatu ni sawa na daktari anayeandika "anaumwa" na kufunga faili.

Sasa njoo darasani kwetu uone watoto hawa wanavyofichika. Mwalimu anainua picha: "Hii ni nini?" Darasa zima linaitika kwa wimbo: "Hiyo ni meeeza!" Mtoto ninayemzungumzia anachezesha midomo, anachelewa nusu sekunde, anaungana na wenzake kwenye silabi ya mwisho. Hakuna atakayemgundua. Kisha unakuja mtihani wa kuchagua A, B, C au D. Hapo neno limeshaandikwa. Kazi yake ni kulitambua tu, na kutambua anaweza. Anafaulu. Wiki inayofuata anasimamishwa ajibu kwa mdomo swali lile lile, anasema, "Ni ile... ile ya... nanihii, mwalimu." Mwalimu anatazama alama za wiki iliyopita, anamtazama mtoto, anauliza: "Ulimwibia nani?" Nimelisikia swali hilo kwa masikio yangu, katika shule ambayo sitaitaja. Fikiria ukubwa wake. Mtoto anaadhibiwa kwa sababu ya kujua.

Mitihani na tathmini zetu za kusoma hazimwoni. Tangu 2015 madarasa ya kwanza na ya pili nchini Tanzania yameelekezwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Wapimaji wa Uwezo wamepita nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda kuona kama watoto wanaweza kusoma aya na kufanya hesabu za darasa la pili. Ni kazi ya maana. Lakini anayesoma kwa sauti amepewa neno kwenye karatasi. Hakuna anayeangalia neno linalopaswa kutoka kichwani bila kuonyeshwa. Na mambo haya mawili yanahusiana: mwaka 1976 Martha Denckla na Rita Rudel walionyesha kwamba watoto wenye disleksia huchelewa kutaja hata rangi, tarakimu na vitu wanavyovijua vizuri. Huenda baadhi ya wale tunaowaandika "wasomaji wa polepole" hawana ugomvi na herufi. Majina ndiyo yanayochelewa kuja.

Wakifika sekondari, giza linazidi. Mtoto aliyesoma miaka 7 kwa Kiswahili katika shule ya serikali anaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Darasa zima linanyamaza. Ndani ya kimya hicho wamo wasiojua neno la Kiingereza, ambao ndio wengi, na yumo mmoja au wawili ambao hata kwa Kiswahili neno halitoki. Ukiwahesabu wote pamoja umewakosea wote: wa kwanza unawadhania wana kasoro, wa pili unadhani watazoea.

"Basi tulete vipimo," utaniambia. Vipo, na sivibezi. Kipimo cha German, kwa mfano, kina hekima moja kubwa: neno ambalo mtoto ameshindwa kulitaja, baadaye anaulizwa kwa njia nyingine ili ijulikane kama analielewa. Anayelielewa bila kuweza kulitaja ana shida ya kulipata. Asiyelielewa hakuwa nalo tangu mwanzo. Pia kinatazama muda, kwa sababu kuna mtoto anayepatia kila jina lakini kwa kuchelewa. Hekima hiyo ni ya kuchukua kwa mikono miwili.

Tatizo ni kwamba kinachosafiri hadi kwetu mara nyingi ni picha na alama, huku hekima ikibaki uwanja wa ndege. Chukua kipimo cha Boston cha kutaja majina, kilichochapishwa 1983, chenye picha 60. Kilitengenezwa kwa ajili ya watu wazima, hasa wenye afasia, kisha kikatumika kwa watoto pia. Ndani yake kuna nyumba ya barafu ya Wainuiti, kuna mkate uliosokotwa fundo ambao Wamarekani hutafuna na chumvi, kuna mnyama wa mito ya baridi anayejenga mabwawa kwa miti, na kuna kitanzi cha kunyongea. Mpe mtoto wa Mikumi picha hizo, naye akikaa kimya, umepima nini? Umepima kwamba hajafika Canada.

Wenzangu wengi wanakubali mpaka hapo. Wanasema: tutoe nyumba ya barafu, tuweke msonge, tutoe yule mnyama, tuweke kiboko, kazi imekwisha. Hapo ndipo tunapoachana, kwa sababu kasoro kubwa haimo kwenye picha.

Mwaka jana, kwa ruhusa ya mlezi, nilikaa pembeni wakati mvulana wa miaka 10 akipimwa katika kituo kimoja cha mjini. Alikuwa ametoka upande wa milima ya Uluguru, anaishi na bibi yake, na shule ilikuwa imependekeza apelekwe kitengo cha elimu maalumu. Orodha ilikuwa imetafsiriwa, na picha kadhaa za hapa kwetu zilikuwa zimeongezwa. Ilipokuja picha ya ufagio alisema, "Ule... ule wa kufagilia." Sifuri, jibu linatakiwa liwe jina. Ilipokuja picha ya mchi akatikisa mkono juu na chini hewani: "Ule wa kutwangia." Sifuri. Picha mbili alizitaja kwa Kiluguru, haraka na bila kusita. Sifuri mbili. Mpimaji alikuwa mtu mpole na mwenye subira. Alifuata maelekezo aliyopewa. Mwisho ripoti ikasema kwamba msamiati wa mvulana ni wa mtoto wa miaka 5.

Nje, kwenye benchi, nilimsalimia bibi yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wamesemaje?"

Nilimweleza kwa upole nilivyoweza. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Huyu nikimwambia lete mchi, analeta mchi. Hajaniletea kinu hata siku moja. Kuusema ndiyo kazi. Unamwona kabisa anautafuta, halafu unamkimbia."

Kwa sentensi chache, kwenye benchi, bibi huyu alikuwa amefanya kile ambacho saa nzima ndani ya chumba haikufanya: alitenganisha kuelewa na kutaja. Na alikuwa na ushahidi wa miaka.

Lakini hata bila bibi, mvulana mwenyewe alikuwa ameshatoa jibu, na sarufi yetu ndiyo iliyombebea. Tazama tena alichosema. Kinu na mchi ni ndugu. Vyote ni vya kutwangia. Kama angekuwa anatafuta kinu, angesema "kile cha kutwangia". Alisema "ule wa kutwangia". Hakuwa na jina, lakini ngeli ya jina alikuwa nayo, na ngeli hiyo iliuelekeza mdomo wake kwenye u- mara mbili, kwenye ule na kwenye wa. Alikuwa na kitenzi sahihi. Alikipa kauli sahihi, kutwangia badala ya kutwanga, kwa sababu anajua kwamba anataja chombo. Kilichobaki ni sauti za m-chi peke yake. Mtoto huyu alitembea safari nzima, akakwama mlangoni, na sisi tukaandika kwamba hakutoka nyumbani.

Jambo hili halikuzuka kichwani mwangu. Mwaka 1997 Gabriella Vigliocco na wenzake walionyesha kwamba wasemaji wa Kiitaliano waliokwama kwenye neno waliweza, mara nyingi kuliko bahati tu, kusema kama neno hilo ni la jinsia ya kike au ya kiume kisarufi, ingawa neno lenyewe hawakuweza kulitoa. Kiitaliano kina jinsia mbili. Sisi tuna ngeli nyingi zaidi, na hatuwezi kusema sentensi mbili bila kuzionyesha: lile la kulimia, ile ya kunyooshea nguo, ule wa kusongea ugali. Msemaji wa Kiingereza akikwama anasema kitu fulani cha kufanyia jambo fulani, na sarufi yake haimlazimishi kufichua lolote la zaidi. Mtoto wetu akikwama, sarufi inamlazimisha achague. Kila "ule" na kila "lile" ni alama ya unyayo inayoonyesha alikofika.

Sitaki kulipamba kupita kiasi. Ngeli ya ki- ni kimbilio la wote, kwa sababu nyuma ya "kile" kuna neno kitu au kidude. Mtoto asiyejua jina kabisa anaweza kusema "kile" kwa kila picha. Na nanihii lenyewe huweza kubeba "ile" kwa kila kitu. Ndiyo maana "kile" peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Lakini mtoto anayesema "ule" kwa mchi, "lile" kwa jembe na "ile" kwa pasi, bila kutaja hata jina moja, hana kimbilio la kumweleza. Anasoma kutoka kwenye kamusi iliyomo kichwani mwake. Tofauti kati ya mtoto huyo na yule wa "kile, kile, kile" ni tofauti kati ya watoto wawili wanaohitaji misaada miwili. Kipimo kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza hakina hata kisanduku cha kuiandikia.

Tazama na vidokezo. Katika vipimo vya Kiingereza, mtoto akikwama hupewa sauti ya mwanzo ya neno; ikimsaidia, tunajua kwamba neno lilikuwepo. Sasa kifanye hivyo kwa Kiswahili. Mtoto amekwama kwenye kijiko, unampa "ki...". Umempa nini? Kisu, kiti, kikombe, kitanda, kitabu, kiatu, kichana, vyote vinaanza hivyo. Amekwama kwenye mlango, unampa "m...": mti, mto, mkono, mguu, mdomo, mkate, mpira. Umemgongea mlango wa soko zima. Kiambishi ni cha ngeli. Neno lenyewe linaanzia kwenye mzizi. Kidokezo cha Kiswahili kinapaswa kuvuka kiambishi na kuingia kwenye mzizi, "ki-ji...", "mla...". Aliyetafsiri kipimo na kuacha kanuni ya kidokezo kama ilivyo ametengeneza msaada usiosaidia, kisha akaandika kwamba mtoto hasaidiki.

Na majina yenyewe? Mwaka 1980 Joan Snodgrass na Mary Vanderwart walichapisha picha 260 pamoja na takwimu za kiasi ambacho watu wanakubaliana kuhusu jina la kila picha, kwa sababu picha isiyo na jina moja haifai kuhukumu mtu. Chora viatu vya mpira vya kuogea uniambie jina lake. Ni ndala, kandambili, malapa, champali au slipa, kutegemea umelelewa wapi na nani alikununulia. Mtoto anayesita mbele ya picha hiyo huenda anachagua kati ya majina matatu anayoyajua. Ukiongeza lugha ya nyumbani, kusita ni jambo la kutarajiwa. Tamar Gollan na wenzake, kule California, wamekuta mara kwa mara kwamba watu wazima wenye lugha mbili hukwama zaidi na huchelewa kidogo kutaja picha kuliko wenye lugha moja, na hakuna anayewaita wagonjwa. Sasa kuna taifa ambalo watoto wake wengi wana lugha mbili au tatu, na tunawapima kwa saa iliyowekwa kwa watoto wa lugha moja. Mvulana wa Uluguru alitaja vitu viwili kwa Kiluguru. Alikuwa na kitu kichwani, akakipata, akakisema. Kwa kosa gani?

Nazijua hoja za upande wa pili. Nazisikia kila semina.

Ya kwanza: kipimo kibaya ni bora kuliko kutokuwa na kipimo. Si kweli. Pasipo kipimo, mwalimu anasema "sijui ana nini" na huenda akaendelea kuuliza. Penye kipimo kibaya kuna karatasi yenye muhuri inayosema miaka 5, na hakuna anayeuliza tena. Karatasi hiyo itamfuata mtoto shule hadi shule.

Ya pili ni nzito zaidi: kipimo cha nje kina takwimu za watoto wengi, na hizo hoja zako za ngeli hazina. Ni kweli kwamba tunahitaji takwimu zetu, na hilo ndilo dai langu, sio pingamizi dhidi yangu. Takwimu za watoto wa Marekani zinamweleza mtoto kati ya watoto wa Marekani. Ukimpanga mvulana wa Morogoro kwenye jedwali lile, nambari inayotoka ina desimali lakini haina mtu ndani yake. Wala kazi hii si ndoto. Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walitengeneza kipimo cha kutaja majina kwa watoto wa shule wa vijijini, wakifuata mfano wa kile cha Boston lakini kwa vitu ambavyo watoto wa kule wanavijua. Kama Kilifi iliwezekana, Kilwa inashindikana kwa nini? Tukitoka hapo, hatua inayofuata ni kuandika pia kile mtoto anachosema anaposhindwa.

Ya tatu: walimu hawana muda, darasa lina watoto 90. Nakubali, na sitaki mwalimu apime watoto 90. Nataka ajue dalili tatu au nne: mtoto anayefaulu kuchagua na kushindwa kujaza, anayeleta kitu akitumwa lakini hawezi kukiomba kwa jina, anayesema nanihii mara nyingi kuliko wenzake anaposimulia, anayepatia neno leo na kulikosa kesho. Hizi zinaonekana bila kifaa chochote. Zingefundishwa Patandi, ambako walimu wa elimu maalumu wanasomea, zingefundishwa na katika kila chuo cha ualimu cha kawaida, kwa sababu watoto wengi wa namna hii wako katika madarasa ya kawaida na watabaki huko.

Kwa hiyo nawageukia wenzangu, ninyi mnaoandika mapendekezo ya tasnifu za isimu, saikolojia na elimu mwaka huu. Tuache kuomba ruhusa ya kutafsiri orodha nyingine. Twende jikoni, sokoni na uwanja wa mpira tukakusanye majina ambayo watoto wa darasa la pili hadi la saba wanayatumia kweli, eneo kwa eneo, na tukubali majina yote yanayokubalika hapo. Tuwapime watoto wengi wasio na shida yoyote, wa lugha zile zile za nyumbani, ili tujue kusita kwa kawaida kuna urefu gani. Kila neno lililokosekana, tumwonyeshe mtoto picha nne na kumwambia, "Nionyeshe mchi." Tutoe kidokezo cha mzizi. Tumwache asimulie hadithi, kwa maana kutaja picha moja moja si kuongea. Na tuulize nyumbani, kwa sababu anayemtuma mtoto kila siku anajua lipi linaeleweka na lipi halisemeki. Gharama ni karatasi, penseli, saa ya simu na nauli ya daladala.

Msimamizi wako atakuuliza kama kuna nadharia. Ipo, na umeisoma. Atakuuliza kama kuna kisanduku kwenye fomu cha kuweka "ule wa kutwangia". Hakipo. Kichore, kiwe kirefu, na uandike ndani yake neno kwa neno alichosema mtoto, pamoja na nanihii zake zote.